Gimbali ya droni baada ya kuanguka: anza na kidole, kalibresheni baadaye

Droni ikishaanguka, mkono hukimbilia kitufe cha kuwasha, na hapo ndipo hasara ndogo inapogeuka kubwa. Gimbali (mikono yenye mota inayoshikilia kamera isitikisike) iliyobanwa na jani, kokoto au mkono wake wenyewe uliopinda itajaribu kunyooka kwa nguvu zote. Mota inasukuma, haiendi, inapata moto, na saketi inayoiendesha inaweza kuungua. Kazi ambayo ingekwisha kwa kubadilisha utepe mmoja wa nyaya inaanza kudai gimbali nzima. Kwa hiyo chomoa betri kwanza, hata kama droni imejizima yenyewe. Ukiikuta betri imevimba, imepasuka au inatoa harufu ya kemikali, isirudi kwenye droni wala kwenye chaja. Iweke nje juu ya mchanga au saruji, mbali na chochote kinachoshika moto.

Mifano ya hapa ni ya DJI Mini 2, ile ya gramu 249 iliyotoka mwaka 2020. Mavic Mini na Mini SE zimejengwa kwa mpango unaokaribiana nayo sana, na kanuni zenyewe zinashika kwa droni yoyote ndogo yenye gimbali ya mihimili mitatu.

Kosa linalokula pesa za watu ni kufuata mpangilio wa kinyume: mtu anaanza na kalibresheni, yaani kuipima na kuiweka sawa upya kupitia simu, ikigoma anaagiza gimbali mpya, na mwisho kabisa ndipo anapoitazama ile ya zamani kwa karibu. Anza na vyuma, fuata nyaya, kisha mipangilio. Kalibresheni hainyooshi chuma wala haiungi waya uliokatika.

Kipimo cha kidole

Betri ikiwa nje, shika kamera kwa ncha za vidole viwili na uisogeze taratibu, mhimili mmoja baada ya mwingine. Kuna kuinama na kuinuka, kuna kulala upande, na kuna kugeuka kushoto na kulia. Kwenye Mini 2 kamera huinama hadi nyuzi 110 kwenda chini na kuinuka hadi 35, hulala nyuzi 35 kila upande, lakini hugeuka nyuzi 20 tu kushoto na 20 kulia. Huo mgeuko mfupi huwashtua wengi wakadhani imekwama. Haijakwama, ndivyo ilivyoundwa. Usiilazimishe kupita hapo.

Gimbali isiyo na hitilafu husogea laini kutoka mwanzo hadi mwisho, na ukiiachia hubaki ilipo au huanguka polepole kwa uzito wake. Ukisikia mkwaruzo kama wa sukari chini ya kiatu, kuna mchanga ndani ya mota. Mkwaruzo ukitokea sehemu moja tu ya mzunguko, mkono umepinda na unagusa kitu, au sumaku ya ndani imeng'oka. Kamera ikirudi nyuma kama imefungwa springi, utepe wa nyaya umejisokota au umebanwa. Na ikizunguka bila kikomo kwenye mhimili mmoja, kizuizi kimevunjika au mkono umechomoka kwenye ekseli ya mota.

Mchanga wa ufukweni una adha yake. Mara nyingi huwa na chembe za chuma, na sumaku za mota huzishika zisitoke kwa kupulizwa. Tumia pampu ndogo ya mpira ya kusafishia lenzi kuondoa vumbi la kawaida, kisha chembe zilizobaki uzidake kwa ncha ya kijiti iliyozungushiwa seloteipu, upande wa gundi ukiwa nje. Usitumie kompresa ya gereji, kwa kuwa husukuma mchanga ndani zaidi. Usitie mafuta ya aina yoyote. Mota hizi hazihitaji kulainishwa kwa mkono, na mafuta hukusanya vumbi na yanaweza kulegeza gundi inayoshikilia sumaku.

Sasa itazame kamera kutoka mbele, jicho likiwa usawa wa lenzi, kwenye mwanga mzuri. Mikono ya gimbali ya droni hizi ni ya aloi laini na nyembamba, na kupinda kwa milimita moja tu kunatosha kulaza picha au kuifanya mota ielemewe. Mkono uliopinda kidogo unaweza kunyooshwa mara moja kwa vidole na kitambaa, ukiwa umefunguliwa na kuondolewa nyaya zake. Ukishapata ufa, hata mwembamba kama unywele, badilisha. Aloi iliyopinda na kunyooshwa mara mbili itakatika siku ambayo hukuipanga.

Kagua pia raba ndogo zinazoining'iniza gimbali chini ya mwili wa droni. Moja ikichomoka, gimbali nzima hukaa mshazari na video hutetemeka kama jeli, na mwenye droni hulaumu mota. Raba hurudishwa kwa kibano chenye ncha butu: ingiza kichwa cha raba kwenye tundu lake kwa kuizungusha, usiivute kwa nguvu ikachanika. Iliyochanika haigandishwi kwa gundi, kwa sababu gundi huifanya iwe ngumu na kazi yake ni kuwa laini. Hicho ni kipuri cha bei ndogo. Nunua seti nzima na ubadilishe zote ili ulaini wake ulingane.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Toa propela zote. Mini 2 ina visu 8, viwili kwa kila mota, na kila kisu kina skurubu yake. Weka droni juu ya boksi ili kamera iwe hewani kabisa bila kugusa majani wala meza, na hakikisha kibanio cha plastiki cha gimbali kimetoka. Kibanio kilichosahaulika huleta ujumbe uleule wa mota kuelemewa ambao mkono uliopinda huleta, na kuna gimbali nzima ambazo hupelekwa kwa fundi kwa sababu hiyo tu.

Washa, kisha utazame kamera. Simu itazamwe baadaye. Gimbali nzima hujipima ndani ya sekunde chache: hutikisika pembeni, huinama, huinuka, kisha hutulia ikitazama mbele. Picha na mwendo hupita njia tofauti, na hilo ndilo la kuzingatia. Mota hupata umeme na amri kupitia flekisi, ule utepe bapa wa kahawia unaofanana na wa ndani ya simu. Picha hupita kwenye kebo nyingine, fungu la nyaya nyembamba kama uzi wa cherehani linalopita katikati ya mikono hadi kwenye ubao mkuu.

Kwa hiyo picha ikija safi lakini kamera imelegea kama kichwa cha mtu anayesinzia, shuku flekisi. Kamera ikijishikilia vizuri na skrini ikabaki nyeusi, huku urefu wa kwenda juu, betri na setilaiti vikionekana, shuku kebo ya picha. Vyote viwili vikikosekana, kabla hujalia, fungua na ukague soketi kwenye ubao, kwani mshtuko wa kuanguka unaweza kuinua soketi moja nusu milimita na gimbali ikaonekana imekufa. Picha ikija na kukatika kadiri kamera inavyoinama, waya umekatika nusu, na ufa huwa mahali unapojikunja.

Kamera ikijishikilia kwa sekunde kadhaa kisha ikalegea, ulinzi umezima mota kwa kuelemewa. Zima, rudi kwenye kipimo cha kidole, tafuta kinachobana. Usiwashe mara kumi ukitumaini itajirekebisha.

Kutetemeka kwa kasi kukiandamana na mlio mwembamba mara nyingi ni suala la uzani. Je, kioo cha mbele ya lenzi bado kipo? Hutoka kirahisi wakati wa kuanguka, na kipande hicho chepesi kimo kwenye hesabu ya mizani ya kamera. Kichujio cha lenzi kilichotengenezewa droni nyingine huleta shida hiyohiyo kwa upande wa pili, kamera ikilemea mbele.

Kubadilisha flekisi au kebo ya picha

Andaa bisibisi ndogo za kichwa cha msalaba na nyota, heksagoni za milimita 1.5 na 2, kibano, kipande cha plastiki cha kuinulia soketi, alkoholi ya isopropili na karatasi nyeupe. Karatasi ni ya muhimu kuliko inavyoonekana: chora umbo la droni na kila skurubu uigandishe kwa seloteipu mahali ilipotoka. Skurubu hizi hazilingani urefu. Ndefu ikiingia tundu la fupi hutoboa kilicho chini yake, na kilicho chini mara nyingi ni ubao mkuu.

Piga picha kila hatua kabla ya kuinua chochote. Picha ya njia ya kebo, upande gani wa nguzo ipo na imepinda wapi, ndiyo itakayokuokoa wakati wa kurudisha. Soketi ya kebo ya picha huinuliwa wima kwa plastiki kutoka pembeni, haivutwi kwa nyaya zake kamwe. Soketi ya flekisi ikiwa na kilango, kifungue kwanza kwa ukucha. Vilango hivi huvunjika kwa urahisi, na kuibadilisha soketi kunahitaji mashine ya hewa ya moto na hadubini. Hapo ndipo mafundi wazuri wa simu, wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi, wana msaada mkubwa, kwa sababu kulehemu soketi ya flekisi ni kazi yao ya kila siku hata kama droni hawaijui.

Flekisi uliyoitoa ikunjue juu ya taa. Ufa huonekana kama mstari mweupe kwenye kona. Ukiwa na multimita, iweke kwenye kipimo cha mlio na upime njia moja moja kutoka mwanzo hadi mwisho huku ukiikunja kidogo. Mota nayo hupimwa kwenye njia zake tatu: ukinzani kati ya kila jozi unapaswa kulingana. Jozi moja ikitofautiana sana na nyingine mbili, au ikawa wazi kabisa, koili imekatika na flekisi mpya haitasaidia.

Flekisi mpya huja bapa. Ikunje taratibu kwa kuifuatisha ya zamani, kona ziwe na mviringo kidogo, na usiipige pasi kwa ukucha, kwani mkunjo mkali ni ufa uliokopeshwa muda. Kebo ya picha ibaki na ulegevu uleule uliokuwepo. Ikikazwa itavuta kamera upande mmoja, ikizidi kulegea itasugua mkono. Safisha soketi kwa alkoholi, subiri ikauke, bonyeza hadi usikie mlio mdogo wa kushika. Kabla ya kufunga, sogeza kamera kwa kidole hadi mwisho wa kila upande na utazame kama kuna mahali waya unakazana. Kisha washa kwa dakika moja tu, kwani droni iliyotulia mezani bila upepo wa propela hupata joto haraka. Ikikubali, ndipo unafunga. Skurubu za mikono ya gimbali zipate tone dogo la gundi ya bluu ya kuzuia skurubu kulegea, kwa ncha ya kijiti cha meno, lisiguse plastiki wala mota.

Kuhusu kununua kamera nzima iliyovuliwa kwenye droni iliyokufa: ni njia nzuri, ila chukua kamera pamoja na mota na ubao wake. Ndani ya mota kuna sensa za sumaku zinazoitwa sensa za Hall, ambazo huuambia ubao kamera iko nyuzi ngapi. Namba za sensa hizo hupimwa kiwandani na kuhifadhiwa kwenye ubao wa gimbali. Ukichanganya mota ya huku na ubao wa kule, kamera inaweza kulala upande au kutetemeka, na kalibresheni ya kwenye simu haiwezi kuzirekebisha.

Sasa ndiyo kalibresheni

Vyuma na nyaya vikiwa sawa, anza na sensa za mwendo za droni yenyewe, kupitia sehemu ya usalama kwenye DJI Fly, programu ya simu ya kuendeshea droni, droni ikiwa imepoa. Kisha nenda sehemu ya udhibiti, kalibresheni ya gimbali, ya otomatiki. Meza lazima iwe sawa: weka pima maji ya fundi mwashi, kwa urefu na kwa upana, tia karatasi chini ya miguu ya meza mpaka povu likae katikati. Usiguse meza mpaka ikamilike. Ikikwama kwenye asilimia ileile kila mara, kuna kitu kinabana, rudi kwenye kidole. Mlalo mdogo ukibaki, uondoe kwa kalibresheni ya mkono, ukilinganisha na mstari wa bahari au ukingo wa ghorofa ulio mbali.

Weka propela mpya hata kama za zamani zinaonekana nzima. Ncha iliyomegeka kidogo hutetemesha mwili wote, na mtetemo huo hauzuiliki na gimbali yoyote. Rusha mita 2 juu ya ardhi, mahali pasipo na watu, asubuhi kabla upepo haujaamka. Rekodi ukiwa umetulia kwa nusu dakika, zunguka polepole duara zima, inamisha kamera hadi itazame chini kabisa na uirudishe, kisha nenda mbele kwa kasi na ufunge breki. Tazama video kwenye kompyuta, kwa kuwa mtetemo mdogo hujificha kwenye kioo cha simu. Mstari wa upeo ukilala upande mmoja unapogeuka na kurudi sawa ukitulia, kuna mkono uliopinda ambao jicho halikuuona.

Droni iliyotoka kutengenezwa isiende juu ya vichwa vya wageni wa harusi Jumamosi hiyohiyo. Ipe betri tatu au nne za majaribio kwanza, na baada ya kila moja kagua raba na skurubu za mikono. Kibanio cha gimbali kirudi kabla droni haijaingia begini, na kitoke kabla ya kuwasha.