Je, naweza kumshtaki mdaiwa wangu kortini bila wakili?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni seremala hapa Ngong Road, Nairobi. Mwaka jana nilimtengenezea mwenye gesti vitanda sita na kabati mbili kwa Sh186,000. Alinitumia Sh80,000 kwa M-Pesa, nikapeleka mzigo, na tangu hapo simu zangu hapokei. Hatukuandikiana mkataba, tulipatana kwa WhatsApp tu. Wakili mmoja ameniitisha karibu nusu ya deni. Naweza kwenda kortini mwenyewe?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Unaweza, na kwa deni la kiasi hiki ningekushauri uende mwenyewe. Tuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani Aprili 2021. Inasikiza madai yasiyozidi Sh1,000,000: bidhaa au kazi isiyolipwa, mali iliyoharibiwa, hata fidia ya kuumia. Kesi za umiliki wa ardhi, za ajira na za kuchafuliana jina haizigusi. Sh106,000 zako zimo.

Kukosa mkataba wa karatasi kusikunyime usingizi. Mapatano ya WhatsApp ni mapatano, na mahakama hii haifungwi na masharti makali ya ushahidi. Hata hivyo, mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha, na hapo ndipo inaniuma kuona watu wenye haki yao wakirudi mikono mitupu. Mtu anasimama mbele ya hakimu akiwa na simu mkononi, anaanza kutafuta ujumbe wa miezi minane iliyopita, vidole vinatetemeka, na orodha ya kesi za siku hiyo bado ni ndefu.

Kwa hivyo chapisha kila kitu. Piga picha ya skrini ya mazungumzo yote, tangu alipouliza bei hadi alipoacha kujibu. Angalia jambo moja ambalo wengi hulisahau: ikiwa umemsevu kama "Boss Gesti", hakimu hajui huyo ni nani. Fungua ukurasa unaoonyesha namba yenyewe, uupige picha pia, kisha uweke kando yake taarifa ya M-Pesa yenye namba hiyo hiyo na zile Sh80,000. Hapo karatasi mbili zinasema jambo moja. Ambatisha cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Ni ukurasa mmoja unaoeleza ulitumia simu gani na picha zilichapishwaje. Dereva wa pikapu aliyeshusha vitanda aandike alivipeleka lini na nani alivipokea, naye awe tayari kuja kusema hivyo.

Jiandae pia kwa jibu lake. Mdaiwa wa samani karibu kila mara husema kazi ilikuwa mbovu, na anaweza kukudai wewe katika kesi hiyo hiyo. Kama una picha za vitanda siku ulipovifikisha, ziweke. Kama hakuwahi kulalamika hadi ulipoanza kumdai, onyesha tarehe.

Kabla ya kufungua kesi, hakikisha unamshtaki mtu sahihi. Gesti ikiwa ni ya kampuni, na kampuni ndiyo iliyoagiza, jina la kampuni ndilo liandikwe. Hati ya CR12, inayotolewa na Msajili wa Kampuni, itakuonyesha wakurugenzi wake ni nani. Kisha mwandikie barua ya kumtaka alipe, ukitaja kiasi na siku ya mwisho, ubaki na nakala. Wengine hulipa hapo hapo.

Asipolipa, wasilisha dai kwa mtandao wa mahakama na ulipe ada. Nyaraka zikishamfikia, aliyezipeleka aape hati inayosema lini na wapi, maana bila hiyo kesi itaahirishwa. Sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60 tangu dai kuwasilishwa. Siku ya kesi usikose, dai lako laweza kufutwa. Zungumza Kiswahili ukipenda. Eleza kwa mpangilio wa tarehe, na ukiulizwa swali, lijibu hilo kwanza. Toa ushahidi wote siku hiyo, kwa sababu rufaa ya Mahakama Kuu hapa ni ya hoja za kisheria pekee, hutapata nafasi ya pili ya kueleza mambo yalivyokuwa.

Ukishinda naye akakataa kulipa, utaomba amri ya kukamatwa kwa mali yake au pesa zilizo benki. Mahakama haitakutafutia mali hiyo. Ile paybill (namba ya kulipia kwa M-Pesa) iliyobandikwa kaunta ya gesti mara nyingi huonyesha benki na akaunti yake, kwa hivyo nenda uipige picha wiki hii, kabla hajapata barua yako.