Je, dawa huchukuliwa au hunywewa?

Muuguzi mmoja wa Goma, anayefanya kazi mtaani Majengo, ameniandikia hivi: "Mwalimu, vipeperushi vinavyoletwa kituoni kwetu vinasema 'chukua dawa mara tatu kwa siku'. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba Kiingereza husema 'take', na 'take' ni kuchukua. Je, Kiswahili hicho ni sahihi?"

Si sahihi, dada yangu, na umenigusa penye kidonda.

Neno 'take' lililetwa Uingereza na Waskandinavia wa zama za Viking, likakisukuma kando kitenzi cha wenyeji 'niman', ambacho ni ndugu wa 'nehmen' cha Wajerumani, kisha likazidi kujikusanyia kazi. Hiyo ni desturi ya Kiingereza: vitenzi vifupi hutwishwa mambo mengi, hata kamusi kubwa ya Oxford, katika toleo lake la 1989, ilikipa kitenzi 'set' maana zaidi ya 400. Kiswahili hakikujengwa hivyo. Mahali Kiingereza kinapotumia 'take' ileile, kwetu picha hupigwa, basi hupandwa, mtihani hufanywa, ushauri hufuatwa. Na mkutano hufanyika. Anayefuata 'take place' na kuandika kwamba mkutano "ulichukua nafasi" katika ukumbi wa parokia atuambie ulimwondoa nani kwenye nafasi yake, maana kuchukua nafasi ya mtu ni kumrithi kazini.

Lakini hilo la dawa ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kuchukua, kwa asili yake, ni kubeba au kutwaa kitu na kwenda nacho. Chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, inayoteremka kutoka Kibumba huchukua magunia ya viazi. Mwanamke huchukua mimba. Gari huchukua abiria. Sasa mpe kipeperushi hicho mama aliyevuka ziwa kutoka Idjwi na mtoto mwenye homa mgongoni, mama anayejua Kiswahili vizuri na kukiamini kilichoandikwa. Ataelewa kwamba anatakiwa kurudi kwenye dirisha la dawa asubuhi, mchana na jioni, kila mara apewe fungu lake. Hakuna neno hata moja linalomwambia afanye nini na dawa hiyo baada ya kuipokea. Ammezeshe mtoto? Ampake? Amtie matone masikioni? Lugha yetu ina kitenzi kwa kila tendo kati ya hayo, nacho humwonyesha mgonjwa dawa inapita wapi. Kukiacha kitenzi hicho na kuweka "chukua" ni kumnyima mgonjwa nusu ya maelezo aliyoyafuata kituoni, tena nusu iliyo muhimu zaidi.

Wapo watakaosema kwamba huku kwetu Kifaransa nacho husukuma upande huohuo kwa 'prendre' yake, na kwamba katika usemi wa mjini tuna "kamata", inayofanya kazi zote za kuchukua. Nakubali. Pale Birere muuzaji akisema "kamata pesa yako", sina ugomvi naye, kwa kuwa amesema kwa lugha ya soko na ameeleweka. Ila sikiliza: muuzaji huyohuyo akiugua, jioni atawaambia wa nyumbani kwake kwamba amekunywa dawa. Basi "chukua dawa" haikutoka Goma wala Bukavu wala mwambao wa Kenya na Tanzania. Ilitoka mezani kwa mfasiri aliyefungua kamusi, akashika maana ya kwanza aliyoiona, akaifunga.

Kuhusu "safari itachukua siku mbili" na "serikali imechukua hatua", nimechoka kupinga. Yamezoeleka redioni na vitabuni, wala hayamdhuru mtu, nami nimeyaacha yapite. La dawa siliachi.

Kwa hiyo, dada yangu, kata neno hilo kwa kalamu katika kila kipeperushi kilichobaki kituoni, uandike: "Meza kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana na kimoja jioni." Kama ni maji, andika "kunywa", kama ni marhamu, "paka". Na wanaovileta wakija tena, waombe wakusomee maandishi yao kabla hayajapelekwa kuchapwa, kwa sababu wewe ndiwe unayewasikia wagonjwa wakiuliza.