Kabla hujaandika kuwa watu wamenyamaza: kwa anayeanza kutafiti dunia za mtandaoni

Kosa linalowaponza wengi wanaoanza kutafiti dunia za mtandaoni ni kuamini kuwa kila kinachoonekana kwenye skrini kimefanywa na mtu. Avata, yaani umbo linalomwakilisha mtu humo, amesimama kimya dakika kumi, nawe umeshaandika daftarini kuwa hataki mazungumzo. Huenda mwenyewe yuko jikoni. Huenda anaandikiana na watu watatu kwa ujumbe wa faragha. Huenda ni intaneti yako wewe, uliyeko Chake Chake, ndiyo haijakuletea maneno yake. Tokea siku ya mwanzo, kazi yako ni kupambanua kipi kimetoka kwa watu, kipi kwenye programu na kipi kwenye mtandao unaokufikishia picha.

Chukua Second Life, dunia ya mtandaoni iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco na ambayo bado ina wakaazi wake. Eneo moja lina mita 256 kwa 256, lakini maneno ya chati ya wazi, yaani yanayoandikwa kwa wote walio karibu, hufika mita 20 tu kutoka kwa msemaji. Akinong'ona ni mita 10, akipiga kelele ni 100. Mgeni anatua pembeni ya uwanja wa ngoma, anasimama mita 30 kwa adabu, anaona watu kumi na tano wanacheza bila ya kusema neno, na anaandika kuwa hapa watu huja kucheza tu. Hapo amepima umbali wake mwenyewe, si tabia ya watu. Kamera unaweza kuipeleka mpaka usoni mwa mtu, lakini chati inafuata avata wako aliposimama. Sogea mita 10 hadi 15, kisha anza kuhesabu. Hata hapo kumbuka kuwa ujumbe wa faragha na wa vikundi huuoni kabisa, kwa hiyo andika "chati ya wazi ilikuwa kimya", usiandike "watu walikuwa kimya".

Kisa kinachofaa kila mwanafunzi akijue ni cha Septemba 2005 ndani ya mchezo wa World of Warcraft. Watengenezaji waliweka adui mmoja, Hakkar, anayewaambukiza wachezaji ugonjwa wa damu, na ugonjwa huo ulikusudiwa ubakie mlemle katika eneo lake. Lakini wachezaji wengine wana wanyama wanaowafuata, na mnyama akiondolewa kisha akaitwa tena mjini, alirudi na ugonjwa wake. Miji ikajaa mifupa. Wahusika wanaoendeshwa na kompyuta, kama wauza duka, waliubeba bila ya kufa na wakawaambukiza wateja. Kampuni ilijaribu karantini ikashindwa, mwisho ikalazimika kurekebisha programu yenyewe. Mwaka 2007 Eric Lofgren na Nina Fefferman waliandika kuhusu tukio hilo katika jarida la kitabibu, wakionesha jinsi udadisi wa watu, wanaokwenda kuangalia kisha wakatoka, unavyoweza kusambaza maradhi.

Sasa fikiria mtu angeyatazama hayo bila ya kujua kanuni ya wanyama. Angesema wachezaji wote ni wabaya, wameuleta ugonjwa mjini kwa makusudi. Wapo waliofanya hivyo, lakini mlango uliachwa wazi na programu. Ndiyo maana tunasisitiza usome kanuni za dunia unayoitafiti kabla ya kuwasoma watu wake: nani anaweza kubeba nini, nani anaweza kumfukuza nani, eneo linapokea avata wangapi, kinachotokea mtu akikatika ghafla.

Upande wa mtandao, huku visiwani tuna mambo yetu. Seva za Second Life, yaani kompyuta zinazoiendesha, ziko Marekani. Hata kebo ingenyooka kama uzi kutoka Unguja mpaka pwani ya magharibi ya Marekani, ishara ingechukua karibu milisekunde 150 kwenda na kurudi, na kebo halisi huzunguka sana. Kwa hiyo jawabu unalolipokea limeshachelewa, na wakati mwingine mistari ya chati hukufikia kwa mpangilio mwengine kuliko ilivyoandikwa. Usijenge hoja juu ya kusitasita kwa mtu kwa sekunde moja au mbili. Katika programu ya Second Life bonyeza Ctrl+Shift+1 upate jedwali la takwimu, kisha nakili pingi (milisekunde za ishara kwenda na kurudi) na asilimia ya paketi (vipande vya data) zilizopotea, mwanzo na mwisho wa kila kikao. Paketi zikipotea kwa wingi, kikao hicho weka alama na usikitumie kupima kasi ya mazungumzo.

Bando nalo linahitaji hesabu. Dunia hii haikai ndani ya kompyuta yako. Kila ukuta na kila nguo hupakuliwa pale unapofika, kisha huhifadhiwa kwa muda kwenye diski. Anayerukaruka maeneo kumi kwa usiku mmoja anamaliza bando na harudi na kitu. Anayerudi pahala pamoja mara nyingi anatumia kidogo, kwa sababu kuta zimeshapakuliwa, na ndiye anayejifunza zaidi. Fungua mipangilio kwa Ctrl+P, punguza umbali wa kuona mpaka mita 64, zima muziki na video zisijiwashe zenyewe, na chagua maudhui ya kiwango cha wote ili usitumbukie kwenye maeneo ya watu wazima usiyoyakusudia. Akaunti ya kawaida ni bure, na huhitaji kununua ardhi wala pesa za humo. Tumia laptopu yenye betri nzima kwa sababu ya umeme, na washa kuhifadhi chati kwenye faili pamoja na saa.

Saa hizo, kwa kawaida, ni za California, na hapo wengi huvuruga data yao. California iko nyuma yetu kwa saa 10 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kwa saa 11 miezi iliyobaki. Shughuli iliyotangazwa saa 6 mchana ya kule, kwetu ni saa 4 usiku mwezi wa Julai na saa 5 usiku mwezi wa Januari. Ya saa 1 jioni ya kule hutukuta saa 11 alfajiri au saa 12 asubuhi. Andika saa zote mbili katika kila ukurasa. Na kama unafanya vikao vya saa 4 usiku tu, ukumbuke kuwa uliowaona ni watu wa mchana wa Marekani na jioni ya Ulaya, si wakaazi wote.

Namna ya kuingia kwa watu ni ileile ya barazani: huketi kwa watu bila ya salamu, wala huanzi na maswali. Lakini humu hawakuoni uso, kwa hiyo wasifu wa avata ndio utambulisho wako. Andika humo wazi kuwa wewe ni mtafiti, unasoma wapi, na unatafiti nini. Tom Boellstorff, mwanaanthropolojia wa Marekani, alifanya utafiti wake wa Second Life wote humohumo ndani akiwa avata aliyeitwa Tom Bukowski, mwenye nyumba na ofisi humohumo, na watu walijua ni mtafiti. Kanuni za Second Life zinakataza kusambaza mazungumzo ya watu bila ya ridhaa yao. Omba ridhaa kwa maandishi, hifadhi jibu, na pitisha andiko lako kwa msimamizi na kamati ya maadili ya chuo kabla hujanakili mstari hata mmoja. Jina la avata pia lilinde, kwa sababu mwenyewe ana marafiki na heshima yake humo. Mpe kila mtu namba, kama M4. Kwenye orodha yako ya siri shika jina la akaunti, maana jina la kuonesha linaweza kubadilishwa kila wiki.

Ukurasa mmoja wa daftari uwe hivi:

"Jumamosi, Julai, saa 4:12 usiku Zanzibar (saa 6:12 mchana California). Bustani, mahali 128/90/22. Avata 9, niko mita 12 kutoka katikati. Chati ya wazi: mistari 14 kwa dakika kumi, wasemaji 3. Sauti imezimwa upande wangu. Pingi 340, paketi zilizopotea 2%. M4 hajajibu tokea 4:05, juu ya jina lake pana alama ya kutokuwepo. Nadhani: hafuatilii. Hakika: sina."

Mistari miwili ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko yote. Alama ile hujiwasha yenyewe mtu asipogusa kitufe kwa muda. Na avata tisa si lazima wawe watu tisa: mtu mmoja huweza kuwa na akaunti mbili, na wengine ni roboti.

Kabla ya yote hayo, fanyeni mazoezi bila ya bando. Luanti, programu ya dunia za kujenga kwa matofali iliyoitwa Minetest mpaka mwaka 2024, ni ya bure na hufanya kazi hata kwenye kompyuta dhaifu za maabara ya skuli. Kompyuta moja iwe seva, nyengine ziunganishwe kwa ruta, intaneti haihitajiki. Zikikataa kuunganishwa, mara nyingi ni ukuta wa usalama (firewall) wa Windows; ruhusu mlango wa UDP namba 30000. Watu wanne wajenge nyumba kwa nusu saa, wa tano atazame na kuandika. Kisha fungueni faili la debug.txt kwenye seva: humo mna kila chati na kila tofali lililowekwa au kubomolewa, pamoja na jina, saa na mahali. Lilinganisheni na daftari mstari kwa mstari, mkizungushia kila pahala mtazamaji alipomtaja mtu asiye yeye, na kila alipoeleza nia ambayo waliojenga wanaikana.