Kaka, usiuze kipe: jibu langu kuhusu kusoma nyota Ujerumani

Kaka, shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu.

Sauti yako ya dakika saba nimeisikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa kwenye treni natoka kazini. Unasema kijana wako amemaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hesabu), matokeo ni mazuri, na anachotaka ni nyota tu. Mmekaa kikao, mko tayari kuuza kipe, chombo chenu cha kuvulia dagaa, pamoja na injini ili aje huku Bonn asome fizikia na astronomia kama shangazi yake. Ukamalizia: "Wewe tupe masharti tu, hela tutatafuta." Nakujibu kwa maandishi na kwa urefu, maana si wewe peke yako uliyeniuliza, na wenzako wote niliwajibu nusunusu.

Kipe kisiuzwe. Nalitanguliza hili ili wifi apate usingizi.

Ni kweli vyuo vikuu vingi vya serikali Ujerumani havitozi ada. Jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya, euro 1,500 kwa muhula, tangu 2017. Lakini kabla ya viza, kijana asiye na ufadhili huonyesha hela ya kujikimu mwaka mzima ikiwa kwenye akaunti iliyofungwa: euro 11,904, zaidi ya milioni 30 za kwetu. Akishafika anaachiwa euro 992 kila mwezi. Humo atoe kodi ya chumba, bima ya afya isiyopungua euro 130, chakula, na koti la baridi. Tuseme mmepata mnunuzi wa ajabu na mwaka wa kwanza umelipika. Wa pili je? Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu, Mei hadi Agosti, unajua mwenyewe mlivyoishi. Sasa fikiria ziwa linafunguliwa na huna kipe cha kuingilia.

Utaniambia atafanya kazi. Anaruhusiwa, siku 140 kamili kwa mwaka. Mimi nilifanya. Nilikuwa napanga maboksi kwenye ghala kuanzia saa kumi alfajiri, saa nne nimekaa darasani kwenye fizikia ya kwanta, ile ya atomu na chembe zake, macho yanauma. Mtihani wa somo lile nilifeli mara mbili, na kwa kanuni zake mara ya tatu ingekuwa ya mwisho. Sikuwaambia. Mlipouliza masomo yanaendaje nilisema namshukuru Mungu. Ile miezi mliyonilaumu kwamba situmi chochote ndiyo niliyoacha ghala ili nisome mtihani wa tatu.

Sasa masharti yenyewe, kwa sababu uliyauliza. Digrii ya kwanza ya fizikia hapa ni miaka mitatu, krediti 180, na krediti moja inahesabiwa kuwa saa 30 za kazi. Piga hesabu: saa 1,800 kwa mwaka, kabla hajagusa boksi hata moja. Karibu kila chuo kinafundisha digrii hiyo kwa Kijerumani, kwa hiyo kabla ya fizikia kuna lugha, hadi ngazi ya juu ya C1 au mtihani wa DSH, ule wa Kijerumani cha kuingilia chuo. Cheti chetu cha kidato cha sita hupimwa upya. Wapo wanaoingia moja kwa moja, wapo wanaotakiwa kwanza kupita Studienkolleg, mwaka mmoja wa maandalizi. Na maombi ya muhula wa Oktoba kwa kawaida hufungwa tarehe 15 Julai, wakati matokeo yetu hutoka Julai hiyohiyo. Mwaka huu umeshapita hata kama tungetaka.

Mtu akija kukuambia ana "nafasi ya astronomia" Ujerumani kwa kijana aliyetoka kidato cha sita, mfungie mlango. Mimi kuna wakala wa Dar aliyenila laki nane kwa maneno hayohayo. Hapa digrii ya kwanza yenye jina la astronomia karibu haipo. Unasoma fizikia, nyota zinakuja baadaye. Uingereza ziko digrii za fizikia na astronomia kwa jina, miaka mitatu au minne, na Scotland huongezeka mwaka mmoja. Lakini ukifungua orodha ya masomo utakuta mekanika, umeme na sumaku, joto, kwanta, maabara, na hesabu zimejaa kila muhula. Marekani ni miaka minne na orodha inafanana.

Hesabu, kaka. Hapa ndipo nataka kijana asome polepole. Watu wanadhani elimu ya nyota ni kutazama juu. Kila wiki tulikuwa tunapewa karatasi ya maswali, na katika masomo mengi bila kufikisha nusu ya alama za karatasi hizo huruhusiwi kuingia kwenye mtihani. Nakumbuka swali moja: mwale wa nyota unapita kando ya jua, unapinda kiasi gani? Nikakaa meza ya jikoni, kwenye nyumba tuliyokuwa tunaishi wanafunzi wanne, nikapata sekunde 0.87 za pembe (nyuzi moja ina sekunde 3,600). Jibu sahihi ni 1.75. Mara mbili ya langu! Siku tatu nilikuwa natafuta wapi nimeangusha mbili. Sikuwa nimeiangusha popote. Nilikuwa nimetumia mvutano wa Newton, na Newton hukupa nusu tu. Nusu nyingine inatoka kwa Einstein, kwa sababu nafasi yenyewe, yaani anga linalolizunguka jua, imepinda. Mwaka 1919 watu walikwenda kisiwa cha Príncipe, pwani ya magharibi ya Afrika, na Sobral kule Brazili, wakapima kupinda huko wakati jua limepatwa, wakakuta Einstein yuko sahihi. Usiku ule nilipolielewa nililia, mwenzangu mmoja akaja jikoni akidhani nimepata msiba. Kama kijana anaweza kukaa siku tatu na namba mbili akakataa kulala, basi hii ni kazi yake. Kama anachopenda ni picha za nyota kwenye simu, aendelee kuzipenda, lakini asisafirie.

Nyota zenyewe nilizifikia kwenye tasnifu. Data zangu zilitoka Effelsberg, kama kilomita 40 kutoka hapa, darubini ya redio yenye sahani ya mita 100 na uzito wa tani 3,200, inayofanya kazi tangu 1972. Darubini ya redio haingoji usiku. Nilikaa chumba cha kuongozea saa nane mchana nikiangalia namba zikishuka kwenye skrini, kisha nikakaa miezi nikiandika programu kwa Python, lugha ya kompyuta, kuzisafisha. Anga la nyumbani ndilo nililokuwa nalikumbuka. Hapa kitovu cha galaksi yetu kinainuka nyuzi kama 10 tu juu ya upeo, kinamezwa na ukungu na taa za mji. Kwenu Kigoma kinapanda nyuzi 66. Msalaba wa Kusini huku hauonekani kabisa.

Upweke sitaueleza sana. Baba alipozikwa Ujiji niliangalia kwenye simu, nauli sikuwa nayo. Hilo unalijua.

Na kazi baada ya digrii? Siku hizi naandika programu kwenye kampuni ya bima. Wengi tuliomaliza pamoja tuko kwenye bima, benki na kompyuta; wanaobaki kwenye nyota hupewa mikataba ya miaka miwili au mitatu, wakihama nchi hadi nchi. Sijutii, na mshahara unatosha. Ila kijana ajue.

Ninachotaka afanye ni hiki. Aombe fizikia hapohapo Tanzania, Dar es Salaam au Dodoma, kama nilivyofanya mimi. Kiwango cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni pointi 4 za masomo mawili, yeye anazo za kumwagika. Aombe Bodi ya Mikopo, na aangalie kama alama zake zinafika Samia Skolashipu, ufadhili wa serikali kwa waliofaulu sana sayansi. Humo ahakikishe amesoma kwanta, umeme na sumaku kwa undani, joto, matriki na milinganyo tofautishi, na ajifunze Python mapema. Atunze maelezo ya kila somo alilosoma, lenye mada na saa zake. Mimi sikuyatunza, na chuo kilipotaka kujua kwanta niliyosoma Dar ilikuwa na nini ndani, nilihangaika miezi miwili. Akimaliza, digrii ya pili ya astrofizikia hapa Bonn ni miaka miwili, kwa Kiingereza, bila ada. Wakati huo ataweza kuomba ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi. Au aende Afrika Kusini: wana NASSP, programu ya taifa ya kufundisha astrofizikia, tangu 2003, na darubini ya redio ya MeerKAT yenye sahani 64. Mimi ningekuwa na umri wake leo ningeanza na huko.

Nauli ya kwenda chuo na kompyuta nitatoa mimi. Hilo si la kikao.

Kuna kazi moja nampa kabla hajajaza fomu yoyote. Kipindi cha giza, mkiwa mnaingia ziwani kuvua dagaa, yeye abaki ufukweni Kibirizi na saa. Achague nyota moja ang'avu inayozama nyuma ya milima ya Kongo, aandike dakika inapopotea, kila usiku, siku kumi, akisimama palepale. Ataona inawahi kama dakika nne kila siku. Anitumie picha ya karatasi pamoja na maelezo yake kwa nini ni nne. Asitafute kwenye intaneti, na wewe kaka usimsaidie.