Grisi au oili kwenye beringi za gimbali (kile kiungo kinachobeba kamera isitikisike na mkono)?
Kati ya grisi na oili we chukua oili, tena nyepesi, ya cherehani inatosha kabisa. Gimbali haizunguki kwa spidi, inacheza polepole tu huku na huku, sasa ukijaza grisi nzito beringi inakuwa inakwama kidogo kabla haijaachia na huo mkwamo ndo unabeba mtikisiko wa mkono mpaka kwenye kamera. Ila kwanza toa ile grisi ya kiwandani, loweka beringi kwenye petroli (nje, mbali na moto jamani), ikauke vizuri ndo utie tone moja, moja tu! WD-40 ya kawaida (ile ya kopo ya kupuliza) tumia kusafishia ukitaka, usiitegemee kama kilainishi, haikai.