Jibu: Meza moja, laptopu moja, siku mbili za maonyesho Kisumu

Omera, nimesoma swali lako mara mbili. Kwa wanaoingia uzi huu sasa: waulizaji ni wawili, gemu yao ni ya kukimbia na kuruka inayochezwa na watu wawili, wameitengeneza kwa Godot (programu ya kutengenezea gemu), na wamepewa meza moja kwenye maonyesho ya teknolojia ya siku mbili mjini Kisumu, ukumbini, hatua chache kutoka ziwani. Wana laptopu moja na TV ya kuazima ya inchi 32. Wanauliza wabebe nini, na kama wapeleke pia maombi kwenye matamasha ya ng'ambo.

Waliotangulia wamejibu habari ya mabango na fulana. Hayo yasubiri. Kinachoangusha meza ya gemu, mara nyingi kabla ya saa sita mchana wa siku ya kwanza, ni demo yenyewe, yaani kile kipande cha gemu cha kujaribisha watu.

Demo ya maonyesho isiwe ile mliyoiweka mtandaoni. Yule wa mtandaoni ameipakua mwenyewe, ameketi, hana haraka. Huyu wa mezani amesimama na begi mgongoni na mwenzake anamvuta mkono. Pigeni hesabu: dakika 5 za kucheza na 1 ya kupokezana pedi (kidhibiti cha mkononi), mnapitisha jozi 10 kwa saa. Kwa siku ya saa 6 za kazi ni jozi 60, yaani watu 120. Demo ikiwa ya dakika 15, jozi zinashuka hadi 22, na foleni inatawanyika kwa sababu anayesubiri haoni dalili ya zamu yake. Kwa hivyo ondoeni nembo za mwanzo, hadithi ya utangulizi, menyu na mipangilio. Mtu abonyeze kitufe chochote, awe tayari anakimbia. Sekunde 20 za kwanza ziwe mahali ambapo hawezi kufa na ambapo kitu cha kufanya ni kimoja tu, kuruka. Maandishi ya kufundisha hayasomwi na mtu aliyesimama.

Sasa kujirudisha mwanzo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanajidanganya kwamba wamemaliza. Mchezaji ataacha pedi katikati aende zake. Gemu lazima ijirudishe yenyewe baada ya sekunde 60 hadi 90 bila kuguswa. Kwa Godot ni kazi ya Timer (saa ya kuhesabu) moja ndani ya autoload, sehemu ya programu inayobaki hai muda wote gemu iko wazi, na inaanzishwa upya kila `_input`, inayopokea vibonyezo, inapopokea kitu. Ina mitego mitatu.

Kwanza, pedi iliyochakaa. Kijiti chake hakirudi sifuri kamili, kinatuma vithamani vidogo muda wote, kwa hivyo gemu inaamini kuna mtu na saa haifiki mwisho hata siku moja. Mienendo ya kijiti iliyo chini ya 0.3 isihesabiwe. Pili, mchezaji akiondoka gemu ikiwa imesimamishwa, Timer nayo inasimama pamoja na kila kitu. Ipeni hiyo autoload `process_mode` ya ALWAYS (iendelee hata gemu ikisimama), na wakati wa kurudi mwanzo mfungue `get_tree().paused` kwa mkono, la sivyo skrini ya mwanzo itakuja ikiwa imeganda. Tatu, kubadilisha sini (scene, yaani hatua au skrini ya gemu) hakufuti yaliyomo kwenye autoload. Alama, maisha yaliyobaki, sauti aliyoizima mtoto wa saa tatu, vyote vinamfuata mchezaji wa saa nne. Andikeni kazi (function) moja inayorudisha kila kigeu kwenye thamani yake ya mwanzo, na muiite kila mara.

Zaidi ya hiyo, wekeni mseto wa siri wa kurudi mwanzo papo hapo, kwa mfano kushikilia Select na Start kwa sekunde 3. Na gemu ikianguka kabisa, iwe imefunguliwa na faili ya batch (amri za Windows) ya mistari mitatu inayoingoja ifungwe kisha kuifungua tena. Mgeni ataona giza la sekunde mbili tu badala ya picha ya dawati lenu na mafaili ya kazi za chuo.

Windows nayo ina yake. Fungueni akaunti mpya ya maonyesho tu. Zimeni arifa, simamisheni masasisho kwa wiki kadhaa, wekeni laptopu isilale na isifanye lolote kifuniko kikifungwa. Zimeni Sticky Keys, maana kitufe cha Shift kikigongwa mara tano mfululizo, kile kidirisha kinaruka mbele ya gemu na mtoto anadhani ameharibu mashine. Gemu ifunguke bila intaneti. Kama mna toleo la Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, tengenezeni jingine lisiloitegemea, mliweke kwenye flashi mbili. Upande wa TV: washeni modi ya gemu ili kitufe na picha visiachane, hakikisheni haikati kingo za picha, na zimeni ile ya kuokoa umeme. TV nyingi hujizima zenyewe rimoti isipoguswa kwa muda mrefu.

Pedi. Chukueni za waya. Za Bluetooth zinatumia mawimbi ya 2.4 GHz yale yale yanayotumiwa na Wi-Fi, na ukumbi wenye simu mia tatu utazifanya zishikwe na kwikwi. Mkihitaji mbili, bebeni tatu. Kebo ifungwe kwenye mguu wa meza kwa kifungio cha plastiki, ikiachwa urefu wa kumtosha mtu aliyesimama. Kisha jaribuni nyumbani kuchomoa pedi katikati ya mchezo na kuirudisha. Gemu isimame, ingoje, iendelee. Mkigundua kwamba pedi ikirudi inasomwa kama mchezaji wa tatu, afadhali mgundue leo.

Halafu kuna hili la herufi X. Wachezaji wengi wa Kisumu na Nakuru mikono yao imefundishwa na PS za mtaani, tena kwa mpira. Kwenye pedi ya PlayStation, X iko chini na ndiyo ya kukubali. Kwenye ya Xbox, iliyo chini ni A, na X iko kushoto. Mkichora kwenye skrini "bonyeza X" huku mezani kuna pedi ya aina nyingine, nusu ya wageni watabonyeza kitufe kisicho chenu. Msichore herufi. Choreni vitufe vinne vya duara, kimoja kimewaka, kile cha chini. Tena wengi watabonyeza R2, kitufe cha nyuma upande wa kulia, wakitaka kukimbia, kwa mazoea ya mpira. Kama R2 yenu haina kazi, ipeni ya kukimbia, haitawagharimu chochote. Na wale wadogo waliokulia kwenye simu wataigusa TV kwa kidole. Isukumeni nyuma ya meza, mkono usifike.

Umeme. Laptopu ya gemu inakula kama wati 100 hadi 180, TV ya inchi 32 kama 40 hadi 60. Soketi moja ya ampea 13 inawatosha na kubaki, lakini soketi hiyo mtagawana na meza tatu jirani, na mmoja wao atakuja na birika la chai la wati 2,000. Ulizeni mapema nani yuko kwenye waya wenu. Stima ikipotea, laptopu ina betri yake. Kinachozima ni TV, kwa hivyo UPS (betri ya akiba) ndogo ya 650 VA iwe ya TV peke yake. Mkiichomekea na laptopu mnajipunguzia muda bure. Ila laptopu nyingi zikiwa kwenye betri hupunguza nguvu ya kadi ya michoro, na gemu iliyokuwa laini inaanza kukatakata. Jaribuni demo nzima chaja ikiwa imechomolewa.

Jenereta ya ukumbi inapoingia, umeme hupanda na kushuka, kwa hivyo wekeni TV guard. Msiazime fridge guard ya nyumbani mkidhani ni kitu kile kile. Ile ya friji imeundwa kungoja dakika kadhaa stima ikirudi ili kompresa ipumue, na dakika hizo meza yenu itakuwa giza huku majirani wanaendelea.

Joto nalo si la kudharau. Mchana wa Kisumu unakaribia nyuzi 30 nje, na ukumbi uliojaa watu unazidi. Laptopu ikifichwa ndani ya katoni au kufunikwa na kitambaa cha meza inajichemsha, kisha inajipunguza kasi. Iinueni sentimita 2 au 3 kwa vipande viwili vya mbao na muache nyuma wazi. Fungeni fremu (picha zinazochorwa) kwenye 60 kwa sekunde, hata kwenye skrini ya mwanzo. Skrini ya mwanzo isiyofungwa huchora mamia ya fremu kwa sekunde bila faida, na laptopu inanguruma kabla mtu hajacheza.

Waandaaji wakikosa nafasi huhamishia meza ndogo kwenye hema nje, jiandaeni. Kisumu iko karibu sana na Ikweta, ile inayopita Maseno, kwa hivyo jua linachomoza mashariki na kuzama magharibi karibu moja kwa moja. Skrini ikitazama magharibi, kuanzia saa tisa mchana mnaonyesha kioo. Itazame kusini au kaskazini. Juni jua limeegemea kaskazini, itazame kusini, na Desemba kinyume chake. Jioni kando ya ziwa wadudu wa ziwani hufuata mwanga, na TV ndiyo taa yenu. Taa nyeupe iliyowekwa pembeni, mbali na meza, inawavutia huko kwa kiasi. Na wale wa Nakuru mnaosoma: tatizo lenu ni upepo na vumbi. Bango la kukunjua la sentimita 85 kwa 200 kwenye upepo ni tanga. Lifungeni kwa mtungi wa maji wa lita 5.

Hapo hapo kwa bango: jina la gemu juu kabisa, kwa sababu chini patazibwa na miguu na meza. Msimbo wa QR uwe na upana wa moja ya kumi ya umbali ambao mtu atasimama. Mita 1.5, sentimita 15. Karatasi isiyong'aa. Basi.

Mmoja wenu asimame kando na daftari, mdomo umefungwa. Huu ndio msaada mkubwa zaidi mtakaoupata Kisumu, kuliko wafuasi wapya. Ukimwambia mchezaji "ruka hapo" umeshaharibu kipimo. Andika alipokufa, alipogeuka kumtazama mwenzake, kitufe alichobonyeza kwanza. Jozi tano zikikwama kwenye shimo moja, usiku ule ule lirekebisheni. Lakini msibadilishe kitu kingine, na toleo la jana libaki kwenye flashi.

Mkikusanya namba za simu au barua pepe, kumbukeni Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mwambieni mtu mnazitumia kwa nini na akubali mwenyewe. Kwa mtoto, anayekubali ni mzazi au mlezi. Kama meza itajaa wanafunzi wa sare, afadhali msikusanye.

Sasa ng'ambo. Steam Next Fest, tamasha la demo la mtandaoni, haihitaji ndege, kwa hivyo ndiyo ya kwanza kufikiria. Hufanyika mara tatu kwa mwaka, Februari, Juni na Oktoba, na kila gemu inaruhusiwa mara moja tu maishani. Kwa hivyo msiingie na ukurasa mlioufungua wiki iliyopita. Ada ya kuweka gemu Steam ni dola 100, na hurudishwa gemu ikishaingiza mapato ya dola 1,000. Fungueni ukurasa mapema, watu waiweke kwenye wishlist zao (orodha za gemu wanazozitaka), rekebisheni demo kwa mliyoyaona Kisumu, ndipo mwombe.

Ya kusafiri, karibu na nyumbani kuna Africa Games Week ya Cape Town. Mbali kuna gamescom ya Cologne kila Agosti, na Independent Games Festival inayofanyika pamoja na GDC, mkutano wa watengenezaji gemu, San Francisco, mwezi Machi. Kwa hizi, waamuzi wanapokea gemu nyingi na demo yenu itapewa dakika chache, kwa hivyo ile ya mezani, isiyo na utangulizi, ndiyo ya kutuma. Mkichaguliwa kwenda Ujerumani, maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Msingoje hizo 15, kwa maana kutoka Kisumu mtahesabu pia safari ya Nairobi ya kupeleka karatasi. UPS ibaki nyumbani. Power bank zinapanda ndege kwenye begi la mkononi tu, zisizidi 100 Wh, ambayo ni takriban mAh 27,000. Ujerumani volti ni 230, mtahitaji adapta ya plagi tu. Marekani ni 120, someni kwanza maandishi ya nyuma ya chaja. Ikisema 100 hadi 240, hamna shida.

Kabla ya siku yenyewe pangeni meza yote sebuleni, TV, waya, pedi na yote, mwite jirani ambaye hajawahi kuiona gemu, kisha mtume picha hapa tuone waya zinapita wapi.