Mijengo minne kwa mpigo: hesabu propu kabla ya kuhesabu mafundi

Ndugu uliyeuliza: umeshika mijengo minne, mmoja Riat hapa Kisumu, mmoja Maseno, mmoja Luanda na mmoja Kakamega. Wateja wote wanapiga simu kila siku, nawe unauliza kama uongeze mafundi au ukatae kazi. Usiongeze mtu kabla hujajua propu zako, zile nguzo za muda zinazoshikilia slebu (sakafu ya konkriti ya ghorofa), ni ngapi na ziko saiti gani leo. Fundi wa kujenga ukuta utampata kwa siku moja. Siku 21 za kungoja slebu ishike nguvu juu ya propu hazinunuliwi popote.

Kila mjengo una siku za kazi na siku za kusubiri. Wengi wetu tunapanga siku za kazi tu, halafu kusubiri kunatuvuruga. Chora wiki nane kwenye karatasi moja, safu moja kwa kila saiti, uanze kwa kupaka rangi siku za kusubiri: slebu inayokauka, plasta inayomwagiwa maji, mteja anayetafuta pesa. Sehemu nyeupe zinazobaki ndizo siku zako za kazi, na utaona wazi ni saiti zipi zinagongana.

Chukua slebu ya nyumba ya mita 10 kwa 10. Propu zikisimama kila mita moja, unahitaji kati ya 100 na 120. Mbao za pembeni unaweza kuzitoa kesho yake, lakini propu za chini ziache siku 21. Ongeza siku za kuzitoa, kuzisafirisha, kupiga fomu (mbao za kushikilia konkriti) upya na kufunga vyuma, na seti moja ya propu inakupa slebu moja kwa mwezi. Kwa hiyo Maseno na Luanda zikiwa zote za ghorofa na una seti moja, lazima zipishane mwezi mzima, hata ukiwa na mafundi hamsini. Ama ukodi seti ya pili, na gharama hiyo iingie kwenye makadirio ya kwanza kabisa. Ukiikumbuka katikati ya kazi, utailipa wewe.

Hapa ndipo nyumba za watu zinaharibika. Mteja wa pili anapiga simu kwa hasira, unatoa propu za mteja wa kwanza siku ya kumi. Konkriti ya siku saba huwa imefikia takriban theluthi mbili tu ya nguvu yake, na nguvu inayohesabiwa kwenye michoro ni ya siku 28. Slebu inabonyea kidogo katikati, nyufa nyembamba zinatokea upande wa chini, plasta inazificha. Slebu ikishabonyea hairudi. Kama huna budi kumwambia mtu asubiri, mwambie yule ambaye slebu yake bado haijamwagwa.

Kumwagilia maji nako kunasahaulika ukishahamia saiti nyingine. Slebu inataka unyevu siku saba bila kukatika. Jengea kingo ndogo za mchanga juu yake maji yatuame, na kwa jua la Kisumu mtu aongeze maji asubuhi, mchana na jioni. Mpe kazi hiyo mtu mmoja anayelala pale, mara nyingi mlinzi, na umlipe kando kwa siku hizo saba. Kazi iliyoachiwa “yeyote atakayekuwepo” haifanywi.

Wakati Luanda inasubiri, kikosi kiende Maseno kupandisha ukuta. Kihame Jumatatu pekee, kwa sababu kuhamisha watu na vifaa katikati ya wiki kunakula nusu siku kila upande. Na usijaribu kufidia kwa kukimbiza ukuta: ukipita mita moja na nusu kwa siku, mota (simiti na mchanga unaoshikanisha matofali) ya chini bado ni laini na ukuta unaanza kulala. Bora kikosi kijenge kiasi hicho upande mmoja, kisha kihamie upande wa pili wa nyumba ileile.

Ziko siku unazopaswa kuwepo mwenyewe: kupima msingi, kukagua vyuma, kumwaga konkriti, kusimamisha paa. Mimi naziita siku nzito, na sipangi mbili katika wiki moja kwa saiti tofauti. Siku nyingine zote mwachie msimamizi wa saiti, na umwachie kwelikweli. Vyuma vikague jana yake, usingoje asubuhi ya kumwaga. Ukikuta ringi (vyuma vyembamba vinavyofunga vyuma vikubwa pamoja) zimeachana kupita mchoro, au vyuma vimelala juu ya mbao bila vipande vya simiti vya kuviinua milimita 25, marekebisho yanachukua nusu siku, na vibarua ishirini tayari wamekaa pale wanahesabu siku yao.

Hesabu ya kumwaga ni hii. Slebu ya mita 10 kwa 10, unene wa milimita 150, ni mita za ujazo 15. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne), weka mifuko 100 ya simiti ya kilo 50, karibu tani 11 za mchanga na tani 20 za kokoto. (Kama mhandisi ameandika mchanganyiko mwingine, fuata wake.) Mikisa (mashine ya kuchanganya konkriti) ndogo inayokula mfuko mmoja kwa raundi inahitaji raundi 100, na kila raundi ni kama dakika tano. Hiyo ni zaidi ya saa nane. Ukianza saa moja asubuhi na mikisa moja unamaliza saa tisa na nusu, na Kakamega mvua hupenda kuja mchana. Mvua inaosha simiti juu, inakuachia kokoto tupu. Mikisa mbili zinamaliza kabla ya saa sita. Ndiyo maana Kakamega naona kukodi mikisa ya pili ni lazima.

Mvua ikikukuta katikati, simamisha kazi katikati ya nafasi kati ya kuta mbili, konkriti ikome wima dhidi ya ubao. Usiiache imeteremka kama kichuguu. Konkriti huanza kushika baada ya saa moja au mbili, na ukimwaga mpya juu ya mteremko huo haitashikana nayo. Maji yatapita hapohapo.

Sasa pesa, ambayo kwangu ni nzito kuliko ratiba. Kila saiti na daftari lake na, ukiweza, akaunti yake. Usinunue simiti ya Luanda kwa pesa ya Riat, hata kwa siku mbili. Mteja wa Luanda akichelewa kulipa, saiti mbili zinasimama badala ya moja, na hakuna mteja unayeweza kumweleza ukweli. Mkataba uandike malipo kwa hatua, na kila hatua ilipwe kabla haijaanza. Kumbuka pia M-Pesa inapitisha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Mteja aliye Nairobi anayetaka slebu Jumamosi aanze kutuma Jumanne.

Simiti nayo isiazimane kati ya saiti. Ipange juu ya mbao, mbali na ukuta, isizidi mifuko kumi kwenda juu, na itumike kabla ya miezi mitatu. Karai, wilbaro na sepetu zipake rangi, rangi moja kwa kila saiti. Ni kazi ya dakika kumi, na ubishi wa vifaa unaisha. Kwa saiti za udongo mweusi, upande wa Ahero na Kano, kokoto na mchanga vifike kabla ya mvua za Machi. Lori likizama, wiki imekwenda.

Simu za wateja zitapungua ukiwawahi. Kila Ijumaa jioni tuma picha nne, kila wiki kutoka sehemu zilezile nne, na maneno machache. Mfano: “Mzee, habari ya jioni. Wiki hii ukuta umefika linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha. Simiti iliyobaki ni mifuko 14. Wiki ijayo hatujengi, mafundi wako saiti nyingine mpaka Jumatatu ya tarehe 15. Linta inashika nguvu.” Mstari wa kwamba hamjengi usiufiche. Mteja akipita akute saiti tupu bila kuambiwa, hutamaliza kujieleza. Saiti zenyewe zizunguke kwa mkupuo mmoja: Kisumu, Maseno, Luanda, ukate hadi Majengo, Mbale, Kakamega, urudi kwa Kiboswa.

Halafu kuna Disemba. Wateja wote wanne watataka kuingia kabla ya Krismasi, maana jamaa wanarudi nyumbani. Hesabu kinyumenyume: rangi wiki mbili za kwanza za Disemba, plasta ipate wiki nne za kukauka kabla ya rangi, kwa hiyo plasta iishe mwanzoni mwa Novemba, paa liwe juu mwanzoni mwa Oktoba, ringi bimu (boriti ya konkriti inayozunguka juu ya kuta) imwagwe katikati ya Septemba. Ambaye mwezi huo wa Septemba bado yuko kwenye msingi, mwambie mapema kwamba mwaka huu nyumba yake haitakuwa tayari, na umpe tarehe ya Machi.